Usilipe hiyo tiketi kabla hujaisoma upande wa pili

Kazi yangu ni kupanga magari na madereva: gari gani liende wapi, nani alishike, lini lipelekwe kwa fundi. Siku ya kwanza hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa pia karani wa makosa ya barabarani. Lakini gari limeandikishwa kwa jina la kampuni, kamera inapiga picha ya namba, barua ya faini, ile tiketi, inakuja kwangu. Bahasha zile sasa nazijua hata kabla sijazifungua.

Kinachoniumiza kichwa si tiketi yenyewe. Ni dereva anayeingia ofisini anatabasamu na kusema, "Dada, ile ya juzi nishaimaliza." Kuimaliza maana yake amelipa kwa simu akiwa amesimama anasubiri mzigo, na risiti anayo. Namuuliza, "Umeimaliza au umeikubali?" Ananiangalia kama mtu anayetafutiwa ugomvi.

Sehemu nyingi zenye mfumo wa pointi, yaani alama za leseni zinazohesabu makosa ya dereva, kulipa ni kukiri kosa. Huhitaji kusimama mbele ya hakimu wala kusema neno. Pesa yako ndiyo imesema. Faini inaisha siku hiyo hiyo, pointi ndiyo kwanza zinaanza safari. Zitakaa kwenye rekodi ya leseni miaka kadhaa, kampuni ya bima itaziona wakati wa kuhuisha, na mwajiri mpya ataziomba kabla hajakupa ufunguo. Kwa mtu anayekula kwa usukani, faini ndiyo sehemu rahisi ya habari hii, ila kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, ndiyo pekee anayoiona.

Kwa hiyo mimi nina utaratibu wangu. Barua ikija, naigeuza. Upande wa mbele una picha, namba ya gari, mwendo, kiasi. Upande wa nyuma, kwa maandishi yale ya kukukatisha tamaa, ndiko kuna mambo: visanduku vya kuchagua. Nakubali na nalipa. Nakana na naomba kusikilizwa. Nakubali ila nina maelezo. Sikuwa naendesha mimi. Na mahali pengine kuna mstari mmoja tu, mwembamba, unaosema kwamba unaweza kuomba kozi ya usalama barabarani badala ya pointi. Mstari huo nimeuona umerukwa na watu wenye shahada zao.

Swali la kwanza ninalojiuliza ni kama kosa lenyewe linabeba pointi hata kidogo. Tiketi zote zinafanana kwa sura lakini si ndugu. Kuegesha pasiporuhusiwa kwa kawaida hakugusi leseni. Hiyo ni deni la gari. Huko New York, Marekani, tiketi ya kamera ya taa nyekundu inamdai mwenye gari na haileti pointi, kwa sababu kamera imenasa namba na haijathibitisha nani alikuwa kwenye usukani. California, kwa utaratibu wao wa miaka mingi, kamera ya taa nyekundu inapiga na uso wa dereva, na pointi inamfuata yeye. Kosa lilelile, nchi ileile, matokeo tofauti. Ndiyo maana nikisikia mtu anashauriwa na rafiki yake wa mji mwingine, namwambia amshukuru rafiki, kisha arudi kusoma karatasi yake mwenyewe.

Yapo na yale ya kifaa kibovu. Taa ya breki imeungua, kioo kimepasuka, karatasi ya usajili imeisha muda. California wana tiketi ambayo unatengeneza kilichoharibika, anayeruhusiwa anakagua na kutia sahihi, unapeleka karatasi mahakamani na ada ndogo, kosa linafutwa. Kuna dereva wetu mmoja aliyeandikiwa taa ya nyuma akaja nayo akiwa amenuna, anataka kulipa tu aachane nayo. Balbu ile ilibadilishwa kabla chai yake haijapoa.

Sasa hesabu ya pointi. Hapa watu huchanganyana sana kwa sababu kuna nchi zinazojumlisha na nchi zinazopunguza. Uingereza unaanza na sifuri, ukifika pointi 12 ndani ya miaka 3 mahakama kwa kawaida inakufungia leseni. Dereva mpya ndani ya miaka 2 ya mwanzo anaipoteza akifika 6. Ujerumani mwisho ni 8, utaratibu ulioanza mwaka 2014, na rekodi zote zinatunzwa Flensburg, mji wa kaskazini kabisa ambao Wajerumani wengi wanaujua kwa sababu hiyo tu. Ufaransa ni kinyume: unapewa 12 na unanyang'anywa kila ukikosea, dereva mpya akianza na 6. Italia wanaanza na 20. Dereva akiniambia "nina sita," swali langu la pili daima ni sita za kupanda au za kushuka.

Na ujue zinahesabiwa kuanzia lini. Kwenye ile hesabu ya miaka 3 ya Uingereza kinachotazamwa ni tarehe ya kosa. Hili lina uzito, maana kuna watu wanadhani wakiichelewesha kesi basi pointi za zamani zitakuwa zimekufa kabla ya hukumu. Hazifi. Nimemsikia mtu akiueleza mpango huo kwa madaha kabisa, na wenzake wakamwitikia kwa vichwa.

Kozi ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, ingawa madereva wanaichukia. Uingereza, kama mwendo ulizidi kidogo tu na hujahudhuria kozi ya aina hiyo ndani ya miaka 3 iliyopita, polisi wanaweza kukupa nafasi ya kukaa darasani badala ya kupokea faini na pointi 3. Unailipia mwenyewe, lakini leseni inabaki safi. California unaweza kuiomba mara moja kila miezi 18: faini bado unalipa, ada ya shule bado unalipa, ila pointi inafichwa na bima haiioni. Ufaransa, kozi ya siku 2 inakurudishia hadi pointi 4, mara moja kwa mwaka. Ujerumani inakupunguzia moja tu, na ni kama bado hujavuka 5, tena mara moja kila miaka 5. New York kozi inakupunguzia hadi pointi 4 kwenye hesabu ya kufungiwa leseni, lakini kosa lenyewe linabaki limeandikwa pale pale.

Soma tena hizo tofauti. Kuna kozi inayozuia pointi zisiingie, kuna inayoficha, kuna inayorudisha, na kuna inayopunguza hesabu bila kufuta kosa. Ukiuliza tu "je, kuna kozi?" hujauliza kitu. Uliza: nikiimaliza, rekodi yangu itasomekaje, na bima wataona nini? Muulize karani wa mahakama. Wale wa dirishani, ukiwafikia mapema kabla foleni haijawachosha, wanajua zaidi ya watu wanaojitangaza mitandaoni kwamba watakufutia tiketi.

Kwa madereva wa magari makubwa kuna baya lake. Marekani, mwenye leseni ya magari ya biashara hafichiwi kitu: sheria ya serikali kuu inayakataza majimbo kuificha hukumu yake ya makosa ya barabarani, hata kama siku hiyo alikuwa anaendesha gari lake dogo la nyumbani akipeleka watoto. Kwa hiyo ile njia ya shule inayomwokoa jirani yake, kwake haifui dafu. Nadhani hapa sheria ina haki, ukifikiria tani anazozivuta, lakini usitegemee niiseme hiyo mbele yake.

Mtu kama huyo ndiye hasa anayepaswa kukana na kusikilizwa, ikiwa ana la kusema. Nasisitiza: ikiwa ana la kusema. "Wengine walikuwa wanakimbia kuliko mimi" si utetezi. "Nilikuwa nachelewa" ni kukiri kwa adabu. Utetezi ni kitu unachoweza kukiweka mezani: kibao kilichofunikwa na matawi, na una picha uliyopiga siku hiyo hiyo, tarehe ya kosa ambayo gari lilikuwa kwa fundi, na una karatasi ya fundi, namba iliyosomwa vibaya, na gari la kwenye picha ni jeupe wakati lako ni la buluu.

Ya namba kusomwa vibaya ilitutokea. Barua ilikuja na picha ya usiku, namba inafanana na yetu ila tarakimu moja ilikuwa na kivuli cha fremu. Dereva wetu alikuwa ameshaanza kujitetea kwamba hakumbuki, labda alikuwa amechoka. Nikamwambia, "Kaka, acha kukumbuka, tazama taa." Taa za nyuma kwenye picha zilikuwa za wima, zetu zimelala. Tuliambatisha picha ya gari letu kutoka nyuma, nakala ya usajili, barua ya aya mbili. Waliifuta bila kutuita. Angekuwa amelipa kwa simu, ile barua ya aya mbili isingekuwa na pa kwenda.

Kosa la tahajia kwenye jina, hilo lisahau. Kila mwaka kuna anayeniletea tiketi akiwa na furaha ya mshindi kwa sababu afisa amekosea herufi ya jina lake. Kwa kawaida herufi inarekebishwa na kesi inaendelea. Vivyo hivyo na imani ya kwamba afisa asipotokea kesi imekufa. Wakati mwingine ndivyo, wakati mwingine inaahirishwa tu na wewe umepoteza asubuhi mbili.

Njia nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ni mazungumzo. Katika baadhi ya mahakama za Marekani mwendesha mashtaka hukubali kosa la mwendo libadilishwe kuwa kosa lisilo na pointi, faini ikiwa kubwa zaidi. Watu wanaona ni kama kununua haki. Mimi naona ni mahakama yenye msururu wa kesi na dereva mwenye rekodi safi wakipeana nafasi, na anayeweza kuuliza kwa heshima hapotezi kitu.

Kuna mlango mmoja ambao siufungui kwa yeyote. Kila baada ya muda mtu huja kwa sauti ya chini: "Dada, si unaweza kuandika kwamba alikuwa fulani? Yeye leseni yake haina kitu." Uingereza fomu inayouliza nani alikuwa anaendesha lazima ijibiwe ndani ya siku 28, na kukaa kimya tu kunaweza kukuletea pointi 6, yaani mara mbili ya zile za mwendo ulizokuwa unazikimbia. Kudanganya ndiko kubaya zaidi. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati wa Uingereza, pointi zake za mwendo za mwaka 2003 zilibebwa na mkewe wa wakati huo, Vicky Pryce. Ndoa ilivunjika, siri ikatoka, na mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi 8. Kichekesho chenye machozi ni kwamba leseni ile aliyotaka kuiokoa alikuja kufungiwa baadaye, kwa kuongea na simu akiendesha. Nikimaliza kuisimulia, anayeniomba huwa amekumbuka ana kazi nje.

Muda, jamani. Ujerumani notisi ya faini ikishakufikia una wiki 2 za kupinga, basi. Na saa inaendelea kutembea hata kama barua imekwenda kwenye nyumba uliyohama. Ukihama, badilisha anwani kwenye leseni na kwenye usajili wa gari, vyote viwili. Watu hubadilisha kimoja wakadhani kingine kitajijua. Nimemwona dereva mzuri kabisa akigeuka mhalifu wa kukaidi mahakama kwa sababu ya bahasha iliyokuwa imelala mlangoni kwa mpangaji mwingine.

Chochote unachotuma, baki na nakala. Tuma kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa. Ukipiga simu, andika jina la aliyekujibu na saa. Nina daftari la kazi hiyo, limechakaa pembe, na limenisaidia kuliko wakili.

Mwisho wa kozi unapewa cheti, na hapo ndipo wengi hulala. Kwenye mifumo mingi shule yenyewe ndiyo inayotakiwa kupeleka taarifa mahakamani, na mahakama ipeleke kwa ofisi ya leseni. Mikono mitatu, na karatasi hupotea kati ya wa pili na wa tatu. Dereva wetu mmoja alimaliza darasa vizuri, akafaulu mtihani, akatulia. Wiki kadhaa baadaye nikamwomba achapishe rekodi yake, akanung'unika kwamba simwamini. Pointi ilikuwa imekaa pale pale. Tulipeleka nakala ya cheti na tarehe ya simu kutoka kwenye daftari, ikaondolewa. Sasa kila anayemaliza kozi lazima aniletee rekodi iliyochapishwa ndipo nifunge faili lake, na wanaonung'unika nawaacha wanung'unike.