Ukikosa pa kulala England: kaunsili inakupimaje

Wengi wetu hufika kaunsili, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, jioni ya siku ya kutolewa nyumbani, mabegi mkononi. Hapo umechelewa sana. Tangu tarehe 3 Aprili 2018, sheria ya England inaitaka kaunsili ianze kukusaidia pale tu inapoonekana utakosa makazi ndani ya siku 56. Ukishakosa kabisa, kuna siku nyingine 56 za kukusaidia kupata mahali. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao, usichanganye.

Tena si lazima ulale barabarani ndipo uhesabiwe. Anayelala kwenye kochi la rafiki, bila haki yoyote ya kukaa pale, kisheria hana makazi. Ila hapa ulimi huponza. Afisa anauliza, "Leo utalala wapi?" Mtu kwa kuona haya anajibu, "Nitajibanza kwa binamu." Jibu linaandikwa, na chumba cha dharura cha usiku huo kinapotea. Kama binamu amesema basi, sema amesema basi, na uje na barua yake yenye anwani, sahihi na tarehe ya mwisho ya wewe kukaa pale.

Chumba cha usiku uleule hakipewi kila mtu. Lazima kitolewe iwapo afisa ana sababu ya kuamini kwamba huenda huna makazi, makaratasi yako ya uhamiaji yanaruhusu, na uko kwenye kundi la kipaumbele: mjamzito, mwenye watoto anaowalea, aliyekimbia kipigo nyumbani, aliyeunguliwa na nyumba au kukumbwa na mafuriko, au mtu dhaifu kwa ugonjwa, ulemavu au uzee. Neno ni "huenda". Ukiambiwa urudi wiki ijayo na ushahidi wote, omba uandikiwe hivyo kwenye karatasi. Mara nyingi msimamo hulegea hapo hapo. Kijana mzima mwenye afya yake hupewa mpango wa maandishi na namba za kupiga, na mara nyingi huishia hapo.

Mwenye visa inayomkataza fedha za umma, kama mwanafunzi au aliyeletwa na kazi ya kutunza wazee, hayumo. Akiwa na watoto, aende idara ya ustawi wa watoto ya kaunsili hiyohiyo. Pale hutumika sheria ya watoto ya 1989, ambayo ni mlango mwingine kabisa. Mwenye visa ya familia anaweza kuiomba Home Office, wizara ya mambo ya ndani, iondoe sharti hilo akionyesha amefukarika.

Kuna pia suala la eneo. Kaunsili huangalia kama umeishi kwao miezi 6 kati ya 12 iliyopita, au miaka 3 kati ya 5, au una kazi ama ndugu wa karibu pale. Aliyekuwa mwomba hifadhi huhesabiwa wa mji wa England alikopangiwa makazi. Ndiyo maana mtu anatoka Middlesbrough kuja London, kisha anashangaa kesi yake inarudishwa Middlesbrough.

Ukishapata makazi ya muda, shida kubwa ni kodi. Watu hujaza Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakadhani yameisha, kumbe sehemu yake ya nyumba hailipii makazi ya muda yanayotolewa na kaunsili. Unatakiwa kuomba Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba, kaunsili, ombi la pembeni, wiki ileile ya kuhamia. Deni likilimbikizwa unatolewa, halafu unaambiwa umejikosesha makazi mwenyewe. Na usilale kwingine bila kuaga, chumba huweza kufutwa.

Familia haitakiwi kuwekwa kwenye vyumba vya gesti vya kuchangia choo au jiko zaidi ya wiki 6. Ukipewa nyumba mbovu au ya mbali kama ofa ya mwisho, usiikatae kwa hasira: ipokee, kisha omba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 21. Sheria inaruhusu yote mawili kwa pamoja, na mwenye kukataa hubaki nje akisubiri majibu.

Kwa anayelala nje kabisa, baridi ikitabiriwa kushuka hadi sifuri, London hufungua vitanda vya dharura, na usiku huo kwa kawaida makaratasi hayawi kikwazo. Taarifa hupelekwa StreetLink, huduma ya kuripoti wanaolala nje: andika mahali hasa, mlango upi, saa ngapi huwa yupo, amevaa nini. "Karibu na stesheni" haitoshi. Timu itazunguka na kuondoka bila kumwona.