Siku moja maishani mwangu: asubuhi thieta, mchana boksi

Saa 12:15 asubuhi

Kabla ya kazi napita marikiti ya Darajani. Muuza nyama ameshaniwekea ini la mbuzi, zima, na kifuko cha nyongo kikiwa bado kimeshikamana nalo. Wateja wengine wote wanataka kitolewe kwanza. Mimi nakihitaji hicho hicho. Nchi nyingi za Ulaya madaktari hujifunzia kwenye ini la nguruwe. Sisi Unguja tuna mbuzi, na anatutosha kabisa.

Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji. Juu ya hiyo kazi, nasimamia chumba kidogo cha mazoezi ya upasuaji wa matundu, ule wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitobo vidogo bila kufungua tumbo, kwa madaktari wanaosomea ubingwa.

Saa 1:30 asubuhi

Makabidhiano ya zamu. Naliweka ini kwenye friji ya chumba cha mazoezi, nahesabu vifaa, nahakikisha taa na kamera zinafanya kazi.

Saa 3:00 asubuhi

Mgonjwa wa kwanza ni mama wa makamo mwenye mawe kwenye nyongo; tunakitoa kifuko chake kwa matundu. Daktari wa usingizi anatupa ruhusa, bingwa anatoboa karibu na kitovu, gesi ya kaboni dioksidi inaingia mpaka shinikizo linafika milimita 12 za zebaki. Tumbo linapanda, ini linatokea kwenye skrini.

Kamera ameshika dokta wa mwaka wa kwanza. Watu huidharau kazi hii, na mimi siwaelewi. Kamera ya nyuzi 30 inataka mkono mmoja uzuie mwili wake usizunguke, picha isije ikalala upande, na mkono wa pili uzungushe waya wa taa ili lenzi ichungulie pembeni. Bingwa anakata kwa kutegemea macho ya mwenzake. Leo picha imetulia mwanzo mpaka mwisho, na najua ilikotoka ile mikono: mchana baada ya mchana kwenye boksi letu la mazoezi.

Pale panapotaka subira, bingwa hana haraka. Anasafisha mafuta na utando taratibu mpaka vionekane vitu viwili tu vinavyoingia kwenye kifuko: mrija wake na mshipa wake wa damu.

"Mnaona viwili?"

"Viwili, Dokta."

Hapo ndipo anaponyoosha mkono kuomba klipu za kuvibana kabla ya kukata.

Utaratibu huo umetokana na maumivu ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 upasuaji huu ulienea Marekani na Ulaya kwa kasi kuliko mafunzo yake, na mrija mkuu wa nyongo ukawa unajeruhiwa mara nyingi zaidi kuliko enzi za kufungua tumbo. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake wakasisitiza kwamba hakikatwi kitu mpaka viwili hivyo vionekane wazi. Kila ninapomkabidhi daktari kijana mkasi, nawakumbuka wagonjwa wale wa mwanzo.

Saa 7:00 mchana

Sala, wali na samaki, basi.

Saa 8:00 mchana

Sasa boksi. Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kwa plaiwudi: ndani kamera ya kompyuta na taa, juu matundu yaliyozungushiwa mpira wa kandambili ili vifaa visichezecheze. Ziko mashine za kompyuta za bei kubwa zinazofanya mengi zaidi, lakini kwa kazi za msingi boksi halina deni kwa mtu.

Kila daktari ana dakika 40, siku zote za kazi, na muda huo naulinda. Liliwahi kutolewa wazo la kukusanya mazoezi yote Jumamosi moja ya mwezi. Nililipinga na bado nalipinga. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa madaktari waliokuwa wakijifunza kushona mishipa midogo: kundi moja lilimaliza vipindi vinne kwa siku moja, jingine likapata vipindi hivyo hivyo kimoja kila wiki. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, waliopumzika katikati walikuwa bora. Mkono unahitaji kulala na jambo.

Wa mwaka wa kwanza wanaanza na kuhamisha pete sita za mpira kutoka kijiti hadi kijiti: mkono wa kushoto unaokota, unaukabidhi wa kulia hewani, wa kulia unavisha, halafu zinarudishwa. Ukisogeza mkono kulia, ncha inakwenda kushoto, kwa sababu kifaa kimeegemea tundu kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi. Kiwango cha kufuzu kinachotumika sana duniani ni sekunde 48. Sihesabu saa alizokaa mtu kwenye boksi. Naangalia kama amefika, na kama anafika tena kesho yake.

Dokta wa mwaka wa pili, binti wa Chake Chake, yuko kwenye fundo la ndani, lile linalofungwa kwa vifaa ndani ya boksi. Tunashona kidole cha glavu kilichochanwa, uzi wa sentimita 15, mzunguko wa kwanza mara mbili, kisha mmoja, kisha mmoja. Sindano inamgeukia.

"Sista, imelala tena."

"Usiilazimishe, Dokta. Kamata uzi karibu na sindano, iache ijigeuze yenyewe, ndiyo uishike."

Anafanya hivyo. Sindano inasimama, inapita kwenye alama zote mbili zilizowekwa kwenye glavu, fundo linakaza na mdomo wa mchano unafunga. Saa inasoma sekunde 109. Kiwango ni 112. Navuta kwa koleo kupima, fundo halilegei. Fundo likilegea, sekunde hizo nazifuta.

Saa 9:30 alasiri

Ini la mbuzi ni la wa mwaka wa tatu. Kazi yake ni kukibandua kifuko bila kukitoboa. Akigusa pasipo, nyongo ya kijani inamwagika juu ya ini na sote tunaiona. Sina haja ya kusema neno. Leo imebanduka safi, na amenyamaza kwa furaha.

Saa 11:00 jioni

Naosha vifaa, najaza daftari, napanga majina. Kesho saa 3 tuna kidole tumbo. Kamera nimemwandikia binti wa Chake Chake, na bingwa ameshakubali.