Rubondo: Kulala Kisiwani kwa Viboko na Nzohe

Zamani safari ya Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria, kupitia Mwanza ilianza kwa kusubiri kivuko pale Kigongo, magari yamejipanga foleni na wauza karanga wanagonga vioo. Siku hizi kuna daraja. Tangu lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji unazivuka kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, kisha barabara ya Chato hadi upande wa Muganza. Kwenye mwalo wa Kasenda unaacha gari, unavaa jaketi okozi na kupanda boti. Ziwa likitulia ni mwendo wa kama nusu saa. Siku yetu halikutulia, na mwenzangu, mtu wa Dodoma, alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili akawa hajibu hata salamu.

Hifadhi ya Taifa ya Rubondo ina takriban kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1965, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Kisiwani hakuna simba, chui wala fisi, na hilo ndilo linaloeleza mambo mengi utakayoyaona. Miaka ya 1960 Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliona hapa ni mahali salama pa kuhamishia wanyama. Twiga wakaletwa, mbega wakaletwa, baadaye tembo. Faru nao waliletwa, majangili wakawamaliza. Mwaka 2000 wakaachiwa kasuku wa kijivu waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Hata sangara anayevuliwa kandokando ya kisiwa si mzaliwa wa ziwa hili. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Kwa kweli Rubondo imejaa wageni kuliko sisi tuliofika na mahema.

Tulipiga kambi upande wa Kageye, chini ya miti mikubwa, si mbali na ufukwe. Askari wa uhifadhi alitukagua kwanza, akaona mkate uko ndani ya hema, akautoa mwenyewe. "Kaka, chakula hakilali na mtu hapa. Tumbili watachana hema lenu mchana kweupe." Kisha akatuonyesha njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa, inayotoka majini kwenda kwenye nyasi. Ya kiboko. Hema likae mbali nayo, na mtu asisimame kati ya kiboko na maji hata kwa sekunde ya kupiga picha. Kuoga ziwani tusifikirie: kuna mamba, na penye konokono wa majini kuna kichocho.

Usiku alikuja. Kiboko mmoja anaweza kula majani kama kilo 40 kwa usiku, na huyu wetu hakuwa na haraka. Midomo yake iking'oa nyasi ilitoa mlio kama wa mtu anayechana kanga mpya, kipande baada ya kipande, mara karibu, mara karibu zaidi. Nilibanwa haja nikavumilia. Asubuhi tulikuta kinyesi kimetapanywa kwenye kichaka kizima, maana kiboko hukisambaza kwa mkia. Mwenzangu alisema hajalala. Mimi nilimsikia akikoroma, lakini tuliyaacha hayo.

Kinachowavuta wengi ni sokwe, na hapo niseme wazi: anayetaka uhakika wa kuwaona aende kwingine. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa hapa sokwe 17, wengi wao wakitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walikuwa wamezoea kulishwa na mtu. Wakajifunza wenyewe matunda ya msituni na kusuka viota juu ya miti, na wanaoishi leo ni kizazi chao. Mwongozaji wetu alitutangulia akikata kona kwenye mimea inayotambaa, akisimama kila mara kusikiliza. Alituonyesha kiota cha jana yake, majani bado mabichi, na maganda ya matunda yaliyotafunwa. Kelele zao tulizisikia vizuri, zikipanda hadi kuwa mayowe, halafu kimya. Nilichokiona kwa macho ni mgongo mweusi na mkono mmoja mrefu. Mwenzangu alinuna. Mimi nilitosheka, kwa kukumbuka mabibi zao walivyokodolewa macho kwenye vizimba, sikuona kwa nini wajipange kutusubiri.

Mwenye kisiwa hasa ni nzohe. Huyu hakuletwa na mtu. Ni swala wa kwenye mafunjo, kwato zake ndefu na zilizotanuka ili asizame kwenye tope, na akishtuka huingia majini akabakiza pua. Kwingineko kumwona ni bahati nasibu. Hapa, kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kumwinda, hutoka hadi msituni. Alfajiri boti ilizimwa injini karibu na ghuba moja, furukombe wakiitana vichwa vimetupwa nyuma, na dume lenye pembe za kupinda likatokeza kati ya mafunjo. Alitutazama, akaendelea kula. Jike lilifuata nyuma, halina pembe, rangi yake nyekundu zaidi. Tulikaa nao hadi jua likaanza kuuma.

Kwa anayepanga kwenda: kiangazi cha Juni hadi Agosti njia za msituni hazina utelezi, ingawa wapenzi wa ndege husifia miezi ya Novemba hadi Machi. Chakula nunua Geita au Chato, usitegemee duka kisiwani. Beba darubini, tochi ya kichwani na betri za akiba. Mwenye mafua asiombe kwenda kwa sokwe, maana magonjwa yetu huwaua. Na ukiwa na uwezo wa kuchagua, vuka asubuhi, kabla upepo haujalichafua ziwa.