Laiki zifichwe kwanza, zionyeshwe baadaye

Mimi naona posti ikiwa bado mpya namba za laiki zifichwe kabisa, watu wasome kwanza. Manake sisi tukiona pamejaa tunasogea tu, si waona pale Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, wauza mihogo wamepangana, moto ule ule pilipili ile ile, lakini mmoja akishapata wateja watatu basi kila ashukaye kwa tuktuk aenda kwake, jirani yake amebaki kupunga nzi.

Na si maneno yangu tu. Kuna utafiti wa 2006 Marekani, watu zaidi ya 14,000 wakapewa nyimbo za bendi wasizozijua, wengine wakaona wimbo umedaunlodiwa mara ngapi, wengine hawakuonyeshwa. Wale walioona namba wakagawanywa makundi manane, na wimbo uliovuma kundi hili huku kwengine haukushtua mtu! Nyimbo nzuri sana hazikufeli ovyo, sawa, lakini zile za katikati ilikuwa bahati nasibu. Halafu 2013 watafiti wengine wakajaribu kwa komenti za mtandaoni, wakaitia komenti kura moja ya juu, yaani ya kuisifu, bila sababu yoyote, mwisho wa siku alama zake zikapanda kama asilimia 25. Kura moja tu jamani. Wakitia ya chini, watu waliirekebisha. Yaani kusifu twafuatana, kuponda twafikiria kidogo.

Sasa msinielewe vibaya, kuficha milele pia sitaki. YouTube walipoficha hesabu ya dole la chini 2021, eti kuwalinda watengeneza video wasishambuliwe, mimi bado nina hasira nao. Mtu akufundisha kufunga mtungi wa gesi, utajuaje kama walioona kabla yako walimkataa? Hapo namba ni usalama, si sifa. Instagram nao mwaka huo huo wakasema kila mtu ajiamulie kuficha laiki zake, sasa mwenye laiki elfu kumi azifiche ana wazimu?

Reddit, ule mtandao wa makundi ya mijadala, ndio wako karibu na ninachotaka, wasimamizi wa kundi waweza kuficha alama za komenti kwa muda, mpaka masaa 24, kisha zikatokea. Mimi ningeweka hayo hayo 24, ili hata wa shifti ya usiku pale bandarini awe ameamka, amesoma, amesema lake.