Krenki ikichoka usibadilishe krenki peke yake

Msimu wa korosho huku Mtwara ndo msimu wa injini kugonga. Kuanzia Oktoba pikipiki zinasomba magunia kutoka shambani kupeleka ghala la chama cha msingi, njia za ndani mchanga mtupu, gia moja na mbili muda wote, na kama unapandisha Newala kutokea Masasi ule mlima unaujua mwenyewe. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ikianza kuchoka haiwezi kujificha hapo.

Ya mjomba wangu ni mchina wa 125, injini yake ya mtindo wa Honda CG125, ule wa miaka ya 1970 unaotumia fimbo kusukuma valvu badala ya cheni ya taimingi. Ikaanza kugonga, mlio mzito wa huku chini, ko ko ko, ukiibebesha unazidi, ukiachia akseli unapungua. Kijiweni kila mtu akasema pistoni. Fundi akashusha injini, akatoa hedi na bloku, pistoni ina michirizi ya kawaida tu, ndo akamwita, "Mjomba, njoo ushike mwenyewe." Unaizungusha krenki mpaka konrodi iwe juu kabisa, unaishika, unaivuta juu na kuikandamiza chini bila kuiachia krenki izunguke. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Yetu ilikuwa inacheza, unasikia kabisa tok tok kwenye vidole. Ila ikicheza kwenda pembeni, kushoto kulia, usiogope, ile nafasi ndogo imeachwa makusudi, nimeona watu wanahukumiwa wanunue krenki nzima kwa kitu ambacho hata mpya inacho.

Sasa krenki ya pikipiki ndogo sio kama ya gari. Ya gari mara nyingi ni chuma kimoja, ikiliwa inasagwa ipungue milimita 0.25 au 0.50 halafu zinawekwa beringi nene zaidi. Hii yetu ni mabamba mawili mazito ya duara yaliyounganishwa na pini moja iliyoingizwa kwa nguvu ya presi, na konrodi inakaa kwenye hiyo pini juu ya beringi ya vijisindano. Kwa hiyo hakuna cha kusaga. Unapasua injini pande mbili, unatoa krenki, kisha una njia mbili, ununue nzima au ununue kiti, yaani seti ya konrodi, pini, beringi na washa zake, uirudishie kwenye mabamba yaleyale.

Mi msimamo wangu ni huu, kama mabamba ni ya asili na matundu ya pini hayajalegea, rudishia kiti nzuri, kwa sababu hizi krenki nzima za bei chee zinazozagaa hujui chuma chake kimepikwaje. Lakini hiyo ni kama una mtu wa kuifanya. Kuna mafundi wanaitoa pini kwa nyundo juu ya kipande cha reli, wanairudisha kwa nyundo, wanaangalia kwa jicho, wanasema imenyooka. Haiwezekani. Krenki ikitoka kwenye presi inalazwa kwenye vyuma viwili vya umbo la V, inawekewa dayo geji, ile saa yenye mshale, inazungushwa polepole, na pale mshale unaporuka ndo inagongwa kidogo kwa nyundo ya shaba, inazungushwa tena. Kikomo cha huko kuruka kwa mshale kwa injini ndogo nyingi ni karibu milimita 0.1, na fundi anayejiheshimu anaishusha hadi 0.05 au chini ya hapo. Kwa jicho hiyo huioni. Ikizidi, pikipiki inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi na beringi kubwa za pembeni zinakwisha mapema. Na kingine, pini ina tundu la oili, likikaa vibaya na tundu la bamba basi umeiua konrodi mpya siku ya kwanza.

Kitu ambacho kiliniuma zaidi ni tulipofungua upande wa klachi. Injini za aina hii hazina filta ya karatasi, zina kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, uchafu unarushwa pembeni na unabaki humo, halafu oili safi ndo inaendelea kwenye pini. Kile kikombe kilikuwa kimejaa tope jeusi linanata kama yale mafuta ya maganda ya korosho. Watu wanamwaga oili kila siku lakini kikombe hakijawahi kuguswa tangu pikipiki itoke dukani! Sasa unaweka krenki mpya halafu unailisha kwa njia ileile iliyoziba, msimu ujao si mnarudi palepale? Kisafishwe, njia za oili zipulizwe kwa kompresa, oili pampu ikaguliwe, halafu ndo injini ifungwe.

Ikishawaka msiibebeshe. Mjomba alikataa kuibebesha mizigo na watoto wa kijiwe wakamwona bahili, oili ya kwanza ikamwagwa mapema sana ikatoka na vumbi linalong'aa, ndo inavyotakiwa, lile vumbi lingebaki ndani lingeanza kula upya.

Presi zipo, dayo geji ndo shida. Kama kuna mtu Nachingwea au Ruangwa anayenyoosha krenki kwa mshale na sio kwa jicho naomba mnitajie, kuna watu wananiuliza na msimu hauko mbali.