Vile tulipunguza makala na sashe ndani ya resto yetu hapa Bukavu

Niko na resto ndogo Nyawera, karibu na soko. Tunapika bugali, maharagi, sombe (majani ya mihogo), sambaza (samaki wadogo wa ziwani), na Jumamosi nyama ya mbuzi, na wanaokula kwetu wengi ni wauzaji wa soko, madereva wa taksi, vijana wa pikipiki na wanafunzi wenye hawana muda wa kurudi nyumbani saa sita. Siku hizi wenye maresto wenzangu wananiuliza sana vile tulifanya mpaka makala (mkaa) tunayonunua ikapungua karibu nusu na sashe (mifuko ya plastiki) zikaisha jikoni bila kupandisha bei ya sahani, kila mmoja namweleza kipande tu, basi leo naandika yote.

Kwanza muelewe kwa nini kwangu makala na sashe ni kesi moja, maana watu wanazitenganisha, sashe wanasema ni mambo ya usafi wa mji, makala ni mambo ya pori na gorila. Hapa Bukavu haziachani. Mji uko juu ya vilima, mvua inaanza Septemba inaenda mpaka Mei, na kila sashe na chupa yenye inatupwa kwenye mtaro au kwenye bonde, huko Kadutu ao hapa Ibanda, maji yanaichukua mpaka ziwani. Maji ya Ziwa Kivu yanatoka fasi moja tu, ni mto Ruzizi, na pale pale mwanzo wa mto, pembeni ya mji, kuna barrage (bwawa la umeme) ya Ruzizi I yenye inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ina nguvu ya megawati 29 na kidogo, na plastiki nyingi za ziwa zinaenda kujikusanya mbele yake, wafanyakazi wanazitoa, mpaka wapiga mbizi wanashuka chini kuzichomoa, na zikiingia kwenye turbine umeme unapungua. Umeme ukipungua tunapata delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na delestaji ikija kila mwenye alikuwa anapikia umeme anarudi kwa makala. Na makala inatoka wapi? Inatoka vilima vya Kabare, Kalehe, Walungu, na ingine inatoka ndani ya Kahuzi-Biega yenyewe, parke yenye iliwekwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka karibu kilometa za mraba 6,000, Unesco wakaiandika 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi wenye uko hatarini. Kilima kikibaki uchi, udongo wake nao unateremka na mvua ziwani. Kwa hiyo sashe ya bugali yenye mteja wangu anaitupa pale Nyawera inaweza kunirudia kama gunia la makala lenye bei imepanda. Mimi hilo lilinigusa sana, na bado linaniuma kila nikiona mtaro umejaa.

Tena kuna hesabu moja ya makala yenye watu wengi hapa mjini hawaijui: katika tanuru ya udongo, ile ya kienyeji, kilo 100 za miti zinatoa makala kilo 10, 15, ikiwa nzuri sana 20. Yaani ukiokoa kilo moja ya makala jikoni umeokoa kilo tano mpaka kumi za mti kule juu. Ndiyo maana sikubali mtu akisema resto moja ni kitu kidogo.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kaye (daftari). Tulikuwa tunaandika makala kama gunia tu, gunia limeingia, gunia limeisha, hakuna mwenye anajua ni sufuria gani inaila. Nikaomba mizani ya mama mmoja anauza samaki, tukaanza kupima makala kwa kila chakula, asubuhi kabla ya kuwasha na mchana ikibaki. Wiki ya kwanza tu ikaonekana wazi. Bugali yenye watu wanaiogopa juu ya moto wake mkali haikuwa mlaji mkubwa, inawaka nguvu lakini muda mfupi. Walaji ni maharagi na sombe, zinakaa motoni tangu alfajiri. Na kwetu kuna sababu yake, Bukavu iko juu, karibu metre 1,500, maji yanatokota kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100 kama kule chini pwani, ndiyo maana maharagi ya hapa yanachelewa hata ukisukuma moto namna gani. Kuongeza makala hakuongezi joto la maji, maji yakishatokota yanabaki pale pale, makala ya ziada inatoa mvuke tu. Nilivyowaeleza wapishi hilo, tukaonyeshana kwa saa, sufuria moja moto mkubwa, ingine moto mdogo na kifuniko kizito, zikaiva karibu pamoja, na baada ya pale sikuhitaji tena kumwambia mtu apunguze moto.

Mpishi wetu mkubwa ni mama mwenye amepika zaidi ya umri wangu, na nilipoleta habari ya kubadilisha mbabula zote (majiko ya makala) alinisikiliza vizuri halafu akaniambia: "Mwanangu, bugali ya watu wengi haisongwi na moto wa kubembeleza." Alikuwa na haki kabisa. Ukiwa na sufuria ya watu arobaini na moto umelegea, unga unabaki mbichi katikati na mkono unakufa. Kwa hiyo hatukulazimisha moto mmoja kwa kila kitu, yeye ndiye aligawa: bugali na kukaanga sambaza zikabaki na makala ya kweli, maharagi, sombe na maji ya moto zikaenda kwenye namna ingine. Naona maresto mengi yanashindwa hapa, mwenye resto ananunua mbabula ya kisasa, anaiweka, mpishi anaikataa kimya kimya, baada ya mwezi imekuwa kiti. Mpishi ndiye anajua, mumwachie aamue.

Maharagi sasa tunayaloweka usiku mzima, asubuhi maji yale tunayamwaga, tunaweka mapya, tunachemsha kwa nguvu kama nusu saa na kifuniko, halafu sufuria yote inaingia ndani ya kikapu kikubwa tulichokijaza majani makavu ya ndizi na mablanketi ya zamani, juu tunaweka mto mzito, tunaacha. Saa tano mpaka sita ya mchana yameiva, laini, hayajapasuka, hayajaungua chini, na hakuna mtu amekaa kupuliza moto. Lakini hapa nawaomba sana, musiruke ile nusu saa ya kutokota. Maharagi, zaidi yale mekundu, yakiwa mabichi yana sumu yenye inauliwa na kutokota kwenyewe, joto la uvuguvugu haliiui, na ukiyaweka kwenye kikapu mapema utaumiza watu matumbo. Sisi tunaanza kuhesabu dakika wakati sufuria nzima inatokota, hatuhesabu tangu kuiweka motoni. Sombe nayo tunaitwanga vizuri zaidi kuliko mbele, inatokota, inaingia kikapu cha pili, mafuta ya mawese na samaki vinaongezwa mwishoni.

Mbabula za zamani za bati joto lake lote lilikuwa linatoka pembeni, unakaa karibu unaiva wewe mbele ya chakula. Tukamwita fundi, akatujengea mbili za kubaki fasi moja, ndani udongo mzito, pembeni matofali, chini mlango mdogo wa hewa wenye unafungwa na kufunguliwa. Hazina siri kubwa, udongo unashika joto na sufuria inazama ndani kidogo badala ya kukaa juu hewani. Kule Goma ndugu zetu walianza mambo haya mbele yetu, WWF, shirika la kulinda mazingira, na mradi wake wa EcoMakala tangu 2007, wakulima kupanda miti ya makala pembeni ya Virunga ili watu waache kukata ndani ya parke, pamoja na mbabula nzuri. Mimi natamani sana kupanda miti kuwe na nguvu vile pia hapa upande wa Kabare.

Halafu briketi. Kila gunia la makala chini lina vumbi, na wauzaji wa Kadutu wanalitupa, wengine walikuwa wanalimwaga mtaroni. Kuna ushirika wa wamama karibu na kwetu wenye wanajua kutengeneza briketi, tukapatana: sisi tunawakusanyia vumbi letu na la wauzaji tunaojuana nao, wanalichunga, wanachanganya na uji mzito wa unga wa mihogo, ndoo moja ya uji kwa ndoo kumi hivi za vumbi, wanakandamiza ndani ya kipande cha tiyo, wanaanika, halafu sisi tunanunua. Juni mpaka Agosti ni raha, zinakauka vizuri kwa jua. Mvua ikianza ni vita, briketi yenye haijakauka inatoa moshi na haishiki moto, kwa hiyo tukatengeneza kichanja juu ya mbabula, zile za mwisho zinamaliza kukaukia pale kwa joto lenye lilikuwa linapotea bure. Briketi inawaka polepole na inaacha majivu mengi, kwa kupasha moto na kuchemsha maji ni nzuri sana, kwa bugali hapana. Na musidanganywe kwamba kwa sababu haina moshi mwingi haina hatari, makala na briketi zote zinatoa monoksidi ya kaboni, hewa haionekani wala hainuki na inaua, madirisha ya jiko yabaki wazi hata kama ni baridi ya asubuhi.

Upande wa sashe tulianza na vyakula vya kubeba. Dekre ya kukataza sashe iko tangu Desemba 2017, lakini sashe zinauzwa kila kona, kwa hiyo kungojea wakubwa ni kungojea bure. Kitu kilichonipa moyo ni Ruzizi pale mpakani. Rwanda walikataza mwaka 2008, na wamama wetu wa biashara ndogo wanavuka kila siku, wakifika ng'ambo sashe inachukuliwa, basi wanajua kabisa kufunga bidhaa bila sashe, wanatumia vikapu, magunia, vitambaa, majani. Kama inawezekana kwa mtu yule yule asubuhi akiwa Rwanda, inawezekana kwake mchana akiwa Nyawera. Tukaandika ukutani kwa kipande cha makala: mwenye analeta gameli yake (chombo cha kubebea chakula) anapunguziwa franga 200. Bugali ya kubeba inafungwa kwenye jani la ndizi lililopashwa motoni kidogo ili lisipasuke, na wateja wengine wanasema hata harufu ni nzuri zaidi, mimi nawaamini. Wale wa ofisi walichelewa kukubali, waliona aibu kutembea na gameli, lakini mmoja akianza wenzake wanafuata, leo kuna ofisi yenye inamtuma kijana mmoja na gameli sita zimepangwa kwenye kikapu.

Chupa ndogo za maji tuliacha kuuza. Kuna bidoni kubwa yenye robine, maji yanatiwa dawa ya klorini, vikombe vinaoshwa, ni bure kwa mwenye anakula. Vinywaji tunabaki na vile vya chupa za kioo, zinarudi depo. Faida ya maji ya chupa tuliipoteza ndiyo, nasema ukweli, lakini makala yenye hatununui inaifunika na inabaki. Maganda anakuja kuyachukua mfugaji wa nguruwe kutoka Panzi, na siku hizi anatuuzia nyama kwa bei ya urafiki.

Pesa ya kujenga mbabula watu wanaiuliza sana, maana tangu benki zifungwe mjini Februari 2025 mkopo ni ndoto. Sisi tulitoka na likelemba, yaani mchango wa kupokezana, maresto tano, kila wiki mchango, kila zamu mmoja anajenga. Fundi akijua ana kazi tano mfululizo anapunguza bei, na matofali yanakuja kwa safari moja. Zamu moja tuliitoa kwa ushirika ule wa wamama wenyewe, wana wasichana wanaojifunza kushona na wanawapikia chakula cha mchana, na kwao nafuu ilikuwa kubwa kuliko kwetu kwa sababu wanapika maharagi karibu kila siku. Sasa wanasema pesa yenye inabaki inaingia kwenye nyuzi na sindano.

Umeme nao tunautumia ukija. Mara mingi unarudi usiku sana, basi mlinzi wetu amekubali kuwasha plake (jiko la umeme) na kuchemsha maji ya asubuhi, tunayaweka kwenye termosi kubwa. Hatuutegemei, unajua mwenyewe namna ulivyo.

Mwenye anataka kumwita fundi, apime kwanza sufuria zake, upana wa juu na wa chini, na apeleke ile kubwa yenyewe wakati wa kujenga. Mdomo wa mbabula uache nafasi ya kidole kimoja pembeni ya sufuria, ukizidi pale joto linatoroka, ukibana sana moto unakosa hewa. Iachwe ikauke vizuri mbele ya kuwasha, moto wa kwanza uwe mdogo, majani na vijiti tu, la sivyo udongo unapasuka. Na mpishi awepo siku ya kujenga, aseme urefu wenye mgongo wake unataka.