Weka tangazo mkono wa kushoto, CV mkono wa kulia

CV nyingi zinazotupwa kando hazina kosa la lugha. Kosa lake ni kwamba ziliandikwa mara moja tu, mwaka mwenyewe alipomaliza chuo, na tangu hapo zinatumwa hivyo hivyo benki, kiwandani na kwenye mashirika. Anayechambua maombi hana muda wa kubahatisha. Ana orodha ya sifa mkononi, anaitafuta kila moja kwenye karatasi yako, na akiikosa anachukua ya mwingine.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye tangazo. Lichapishe kwenye karatasi, chukua kalamu, pigia mstari kila sifa: kiwango cha elimu, fani, miaka ya uzoefu, leseni, programu za kompyuta. Kando ya kila mstari andika uliifanyia wapi. Ukipata majibu sita kati ya nane, omba. Ukipata mawili, tunza bando lako.

Tuchukue nafasi ya mtunza stoo. Wanataka uzoefu wa miaka miwili, mtu anayejua leja (kumbukumbu za mizigo inayoingia na kutoka) na anayetumia kompyuta. CV ya kwanza inasema:

"Mtunza stoo, duka la vifaa vya ujenzi, 2021–2023. Kuhakikisha stoo ipo salama na kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa."

Hayo maneno ya mwisho ni ya mwajiri. Ndiyo yanayofunga orodha ya majukumu kwenye mikataba na matangazo, na yakionekana kwenye CV msomaji anajua umenakili bila kusoma. Halafu hiyo 2021–2023 haisemi kitu. Inaweza kuwa Desemba 2021 hadi Januari 2023, yaani miezi 14, au Januari 2021 hadi Desemba 2023, miezi 36. Mmoja anafikisha miaka miwili, mwingine hafikishi, na msomaji akiwa na CV mia mbili mezani hatakupigia kuuliza. Sasa soma hii:

"Mtunza stoo, duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro, Machi 2021 – Juni 2023. Nilipokea mizigo kwa kuilinganisha na oda na ankara, nikaiingiza kwenye leja siku hiyo hiyo. Nilihesabu bidhaa za aina 340 kila mwisho wa mwezi na kumpa meneja taarifa ya upungufu. Nilihamisha leja ya daftari kwenda Excel."

Kazi ni ile ile, duka ni lile lile. Kilichoongezeka ni miezi, kitenzi cha kitu kilichofanyika, idadi moja, na jina la programu, maana tangazo linataka anayetumia kompyuta. Idadi usiyoweza kuitetea kwenye usaili usiiandike. Ukiulizwa "340 mlizihesabu kwa siku ngapi, na nani?" ukababaika, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka.

Asiyewahi kuajiriwa naye ana cha kuandika. Kuna mafunzo kwa vitendo ya chuo, kujitolea, duka la nyumbani. Aliyekaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu amelinganisha floti (salio la kwenye simu) na pesa taslimu kila jioni, na hiyo ni kazi ya uhasibu mdogo. Andika hivyo, na miezi yake.

Mpangilio usikuchoshe. Kazi ya karibuni ianze, herufi ukubwa wa 11 au 12, kurasa mbili. Anayetoka chuo ukurasa mmoja unamtosha. Dini, kabila, hali ya ndoa na picha viache nje mpaka viombwe. Shule ya msingi pia. Na ile aya ya "malengo yangu" inayoanza kwa kusema wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu, ifute. Kila mtu anayo, imetoka kwenye kompyuta ya steshenari ile ile.

Steshenari yenyewe ina mitego yake. Anayekuchapia huwa anafungua CV ya mteja aliyepita na kuandika juu yake, kwa hiyo kagua sehemu ya juu na ya chini ya kila ukurasa: jina la mtu mwingine hujificha hapo. Kama tarehe zimesogezwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini, zitaparanganyika kwenye kompyuta nyingine, hivyo tuma PDF. Soma namba ya simu kwa sauti, tarakimu moja moja, zifike kumi. Faili liitwe kwa jina lako na nafasi unayoomba, siyo "cv mpya final 2". Ukimaliza, jitumie faili kwa barua pepe kisha hakikisha limefutwa pale. Namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, haina sababu ya kulala kwenye kompyuta ya watu.

Kwa kazi nyingi za serikali ya Tanzania, maombi yanapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na huko CV nzuri peke yake haikuvushi. Matangazo yao hutaka wasifu wenye anwani, simu inayopatikana na wadhamini watatu, cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya kidato cha nne na cha sita kwa aliyefika huko, nakala zikiwa zimethibitishwa na mwanasheria. Hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti. Aliyesoma chuo kikuu nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Kinachowaponza wengi ni majina: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu, CV ina jina la ndoa. Panga majina kama yalivyo kwenye vyeti, na panapotofautiana shughulikia kiapo au hati ya kubadili jina kabla tangazo halijatoka, maana siku za tangazo, mara nyingi kumi na nne, huisha haraka.

Wadhamini wasiwe shemeji na mjomba. Mtafute msimamizi wako wa kazi au mwalimu aliyekufundisha, mwombe ruhusa, umtumie tangazo pamoja na CV uliyotuma. Akipigiwa na namba asiyoijua akaulizwa kuhusu stoo ya Morogoro, awe na la kujibu, na simu yake iwe hewani.